"Frateri, Nishikie Mtoto"



Likizo iliyopita nilimtembelea dada mmoja wa jumuiya yetu. Mtoto wake alikuwa na miezi mitano. Nilikwenda na rozari mfukoni, nikijua naenda kumtia moyo. Kabla sijakaa vizuri akasema, "Frateri, tutasali. Ila nishikie mtoto kwanza, nikaoge." Ilikuwa saa tisa alasiri.

Nina digrii ya falsafa, lakini swali lililonijia pale sikuwahi kuulizwa darasani: hivi kumsaidia mama aliyejifungua ni huruma yetu tu, au ni haki yake?

Wiki ya kwanza jumuiya ilijaa pale. Khanga, sabuni, mtori. Arobaini ilipoisha, na wageni wakaisha. Lakini mtoto bado anaamka usiku, na wataalamu wa afya wanashauri anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mama mwajiriwa likizo ya siku 84, na baba angalau siku 3. Huyu dada anauza mboga sokoni. Likizo yake atampa nani?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Utasema, "Sasa mimi nadaiwa nini? Si mtoto wake na mumewe?" Kweli, baba ndiye wa kwanza. Lakini kumbuka ubatizo. Padre huwauliza wasimamizi kama wako tayari kuwasaidia wazazi, nao hukubali. Na sisi tulio kwenye mabenchi tunampokea mtoto kwa furaha, na vigelegele juu. Ahadi ni deni, jamani. Na kulipa deni hakuitwi huruma.

Bikira Maria naye hakupita kwa Elizabeti mjamzito kusalimia tu. Alikaa kama miezi mitatu (Lk 1:56).

Basi wiki hii, nani jumuiyani kwenu ana mtoto wa miezi mitano? Usimwulize "nikusaidie nini?", maana atajibu "hamna shida." Nenda kachote maji, fua nepi, shika mtoto.

Siku ile tulisali tendo moja tu la rozari, mtoto akiwa mikononi mwangu, macho makavu. Aliyesinzia ni mama yake. Sikumwamsha.

Bikira Maria, Mama wa Mungu, utuombee.