BEI YA MBWA NA BEI YA UONGO



Mwezi uliopita, saa ya matoleo, kulitokea mabishano mbele ya kapu. Kijana mmoja wa kanisa letu hapa Kasindi alileta bahasha ya fungu lake la kumi. Mzee mmoja, ambaye sisi sote twamheshimu, akamwuliza: "Mwanangu, makuta haya yametoka wapi?" Kijana hakuficha. Akajibu: "Baba, niliuza watoto wa mbwa, watano." Mzee akairudisha bahasha mkononi mwake, akasema Maandiko yanakataza bei ya mbwa kuingia nyumbani mwa Mungu. Kijana akatoka na haya. Wengine wakasema mzee amefanya vema, wengine wakasema amemwonea mtoto. Ndipo Baba Mchungaji akanituma mimi, shemasi wenu, niandike neno katika ukurasa huu, kwa kuwa alijua kwamba kazi hiyo ya mbwa mimi pia niliifanya.

Basi tuulize polepole, bila hasira: je, ni halali Mkristo kupata chakula chake kwa kuuza mnyama wa kukaa na watu nyumbani? Na kama ni halali, ni kitu gani kinachoweza kuichafua kazi hiyo?

1. JUU YA ANDIKO LENYEWE

Andiko liko kweli, katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mstari wa 18. Lakini tusisome mstari mmoja na kuacha jirani yake. Mahali pale panasemwa habari za uasherati uliofanywa katika ibada za miungu, na wafasiri wengi wanaona kwamba neno "mbwa" hapo ni jina la aibu la mwanaume aliyejiuza, si mnyama mwenye mkia. Tena tukumbuke Lazaro maskini mlangoni kwa tajiri. Watu walimpita, mbwa ndio waliomkaribia na vidonda vyake. Kama mbwa angekuwa uchafu wenyewe, Bwana asingemweka katika habari ile.

Mzee wetu alikuwa na bidii njema, lakini alichungulia mnyama, hakuchungulia mwuzaji. Makuta hayachafuliwi na mbwa. Hakuna anayemrudishia mama bahasha kwa sababu aliuza mbuzi.

2. KITU GANI KINAUZWA?

Hata hivyo mbwa si mbuzi. Mbuzi akiuzwa sokoni, mnunuzi humchinja, na biashara imekwisha. Mbwa akiuzwa, biashara ndiyo kwanza inaanza. Ataingia uani, watoto watamtia mikono kinywani, atalala mlangoni pao usiku. Sisi tunajua ni kwa nini watu wa hapa wanatafuta mbwa. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji yameitesa nchi ya Beni, na hatujasahau tarehe 15 Januari 2023, bomu lilipowaua waamini katika kanisa moja papa hapa Kasindi. Mtu mwenye hofu hununua masikio ya kusikia usiku. Mwingine, aliyepoteza watu wake, hununua mwenzi tu, kitu chenye uhai cha kumpokea akirudi.

Kwa hiyo mwenye kuuza mbwa anauza uaminifu. Na mbwa hawezi kusema: "Mimi ni mgonjwa," wala "Nilitolewa kwa mama yangu mapema." Mwuzaji ndiye kinywa chake. Kinywa hicho kikisema uongo, uongo utaingia pamoja na mbwa katika nyumba ya watu na kukaa huko miaka.

3. KOSA LANGU

Mwaka 2019, wakati Ebola ilikuwa ingali Beni na Butembo, kazi zilipungua, na mbwa wangu wa kike alizaa. Niliuza watoto wake kwa dola 15 kila mmoja. Mama mmoja jirani akaja, akauliza: "Shemasi, huyu amechanjwa?" Nilijua mbwa aliyechanjwa anafika dola 20. Nikajibu: "Ndiyo, Mama." Hakudai karte, kwa sababu nilikuwa shemasi. Nilipokea dola 20.

Baada ya miezi michache mbwa yule alimwuma mtoto wa jirani mguuni. Wakampeleka kwa mwuguzi, naye akauliza kama mbwa alipata chanjo. Yule mama akajibu kwa moyo safi: "Ndiyo, shemasi mwenyewe alisema." Mtoto akarudishwa nyumbani. Mimi nilipata habari saa kumi na mbili ya jioni. Nilikaa nayo mpaka saa nne ya usiku. Niliogopa aibu, niliogopa gharama, nikajiambia labda si kitu. Saa 4 hizo ninazitubu mpaka leo. Mwishoni nikatoka gizani, nikagonga mlango wa wazazi, nikasema: "Hakuchanjwa. Nilidanganya."

Mtoto alianza kupigwa sindano asubuhi yake. Baiskeli yangu ililipa. Mbwa akafungwa na kuangaliwa siku 10, maana mbwa mwenye kichaa kinywani huwa anaonyesha dalili au kufa katika siku hizo. Hakuugua. Mtoto ni mzima, anasoma.

Rafiki mmoja akaniambia: "Basi uongo wako haukumdhuru mtu." Ndugu, hapo nilifikiri sana. Ni kweli kwamba mtoto hakufa. Lakini hakupona kwa sababu yangu. Nilikuwa nimecheza kamari, na kitu nilichoweka mezani kilikuwa uhai wa mtoto wa mwingine. Anayecheza kamari kwa mali ya watu ni mwizi hata siku anaposhinda. Katika Kutoka, sura ya 21, sheria inamhesabia hatia mwenye ng'ombe aliyejua kwamba mnyama wake hupiga watu na asimzuie. Hatia yake inaanza mahali alipojua na kunyamaza. Damu inakuja nyuma tu.

Tangu siku ile nahesabu hivi: dola 15 zilikuwa bei ya mbwa. Dola 5 zilikuwa bei ya uongo. Zile 15 zingeweza kuingia kapuni. Hizi 5, hapana.

4. UGONJWA WENYEWE

Kichaa cha mbwa, ambacho wengi wetu tunakiita raje, kinapita katika mate ya mnyama mgonjwa. Dalili kwa mtu hutokea mara nyingi baada ya miezi 2 au 3, pengine mapema, pengine baada ya mwaka. Dalili zikiisha kutokea, karibu kila mtu hufa. Inahesabiwa kwamba ulimwenguni watu kama 59,000 hufa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila 10 kama 4 ni watoto wasiofika miaka 15. Karibu wote walipata ugonjwa kwa mbwa. Na huzuni kubwa ni hii: dawa ya kuzuia ipo tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, huko Paris. Tena wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Sisi wa Beni na Butembo tunalijua neno chanjo. Wakati wa Ebola tuliona uvumi ukiwafanya watu waikimbie. Lakini anayeuza mbwa kwa jina la chanjo ambayo hakuitoa anafanya ubaya mwingine: anawafanya watu waiamini chanjo isiyokuwako.

5. MANENO YA KUPINGA

Wa kwanza atasema: "Shemasi, sisi ni maskini. Dawa inahitaji baridi, umeme hukatika, daktari wa mifugo yuko mbali." Ni kweli, na sitamhukumu mtu kwa kukosa dawa. Umaskini unaweza kueleza kwa nini mbwa hakuchanjwa. Hauwezi kueleza kwa nini ulisema amechanjwa. Kusema "Bado, Mama, umpeleke wewe" hakuhitaji umeme wala makuta. Na mnunuzi naye asijitoe. Anayetaka mbwa wa bei ya chini na haulizi neno lolote, amemfungulia mwongo mlango.

Wa pili atasema: "Watu wanakufa, nawe unatuhubiri mbwa!" Neno hili ni zito, sitalidharau. Lakini mtoto aliyeumwa si mbwa, ni mtu. Tena angalieni njia ya nabii Nathani. Daudi alikuwa ameua mtu, moyo wake umefungwa. Nathani hakuanza na yule mtu. Alianza na mwana-kondoo mdogo wa maskini, aliyelishwa sahani moja na bwana wake na kulala kifuani pake kama binti. Mfalme akawaka hasira kwa ajili ya mnyama, na hapo ndipo akajikuta amehukumiwa kwa ajili ya mtu. Huruma haina vyumba viwili, kimoja cha watu na kimoja cha wanyama, ambavyo ukifungua hiki lazima ufunge kile. Kitabu cha Mithali kinapima haki ya mtu hata kwa namna anavyomtunza mnyama wake.

6. WANYAMA WASIOUZWA

Vijana wengine wananiuliza juu ya kasuku wa kijivu, kwa sababu wasafiri wanamtafuta na bei yake inapita ya mbwa mara nyingi. Hapa nasema hapana. Mbwa amezaliwa kwa watu, na babu zake vilevile. Kasuku ananaswa msituni kwa gundi iliyopakwa matawini, anafungiwa pamoja na wengi, na wengi hufa njiani kabla hawajafika kwa mnunuzi. Yule mmoja anayeimba sebuleni amesimama juu ya mizoga ya wenzake. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, mataifa yalimpandisha kasuku huyu katika orodha ya ulinzi mkubwa kabisa ya mapatano ya CITES, ili wale wa msituni wasiuzwe tena nje ya nchi.

Mtoto wa sokwe au wa ngila ni vibaya zaidi, kwa maana mama yake hamwachi akiwa hai. Ulizeni Kasugho, katika Lubero, wanapolelewa ngila yatima, au Lwiro kule Kivu ya Kusini, walipo sokwe. Kila mmoja pale ana kaburi nyuma yake. Biashara ya mbwa inaweza kutakaswa kwa kusema kweli. Biashara hii haitakaswi, hata ukisema kweli yote.

7. MAPATANO YETU

Baada ya kuzungumza na wazee, tunawaomba waamini wote wanaofuga na kuuza:

a) Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya majuma 8.

b) Apate chanjo ya raje akifika kama miezi 3, kisha irudiwe kama daktari anavyoagiza. Karte ifuate mbwa. Kama hakuna karte, sema hakuna.

c) Mama yake apumzike. Tumbo lake si shamba la kuvunwa bila kupumzishwa.

d) Anayevuka mpaka kwenda Mpondwe na mnyama apite kwenye ofisi ya karantini, asipite mtoni Lubiriha usiku.

e) Usimfunge mnyama kutwa juani bila maji kisha ukashangaa akiwa mkali.

f) Mtu akiumwa, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha umpeleke kwa mwuguzi siku ileile. Maombi yafanyike njiani, yasifanyike mahali pa kwenda.

8. BAHASHA

Juma lililofuata tulimwita kijana, mzee naye akiwapo. Sikumwuliza habari za andiko. Nilimwuliza neno moja: "Wale watano, uliwaambia nini wanunuzi?" Akainama. Kisha akasema: "Wawili niliwaambia kweli. Watatu nilisema wamechanjwa." Mzee akanitazama, nami nikamtazama. Nikamsimulia kijana habari ya baiskeli yangu.

Alikwenda nyumba tatu. Mmoja alimtukana, mmoja alimshukuru, wa tatu alitaka makuta yake yarudi, akarudishiwa. Jumapili kijana alileta bahasha tena, nyembamba kuliko ya kwanza. Mzee mwenyewe aliipokea kwa mikono miwili.

Mimi nimebaki na deni. Katika uzao ule wa mwaka 2019, mbwa mmoja nilimwuzia mfanyabiashara aliyevuka kwenda Uganda, kwa uongo uleule. Sijui jina lake. Kila siku ya soko ninatazama nyuso za watu wanaovuka darajani, labda nitamwona nimwambie. Ndugu msomaji, kama wewe uliyemwuzia angali jirani yako, usingoje avuke.

Amina.