Uzee wa mama anayelea peke yake

Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku Bara mpango wa namna hiyo haupo. Mama wa kijijini Mahege anayelea watoto peke yake kwa korosho na ufuta, uzee wake anauandaa mwenyewe. Fedha ya korosho huja kwa msimu. Kabla deni la dukani na sare za shule hazijaimaliza, atenge fungu la kikoba na la NSSF, inayopokea pia michango ya waliojiajiri. Apande mikorosho michanga, na shamba liandikwe jina lake. Dada yangu, mtoto ni baraka, si pensheni. Anza msimu huu, hata kwa kidogo.