Refa wa Timu Moja

Kwani haki ni nini kama hakuna mtu wa kulalamika? Swali hili hunijia kila ninaposoma habari za Patrick Herminie wa Shelisheli.

Herminie, daktari kwa taaluma, alikuwa Spika wa Bunge la Taifa kuanzia 2007 hadi 2016. Nchi yenyewe ina watu laki moja na ushee. Mbunge uliyemkatiza asubuhi akiongea, jioni unaweza kupatana naye sokoni Victoria, na mjomba wake pengine ni jirani yako. Ugumu wa kutopendelea unaanzia hapo.

Sasa tazama 2011. Chama kikuu cha upinzani kilisusia uchaguzi wa wabunge, kikitaka sheria za uchaguzi zirekebishwe kwanza. Parti Lepep, chama chake Herminie, kikazoa majimbo yote 25. Upinzani ukabaki na mbunge mmoja, tena baada ya watu kupelekana kortini. Mmoja! Fikiria refa uwanjani, upande huu kikosi kizima, upande ule kijana mmoja na viatu vyake.

Wengi watasema hiyo ni kazi rahisi, si unapuliza tu kipenga watu waende nyumbani? Mimi naona ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Bunge likigawanyika nusu kwa nusu, Spika hutenda haki hata kama hapendi, maana akipendelea upande mmoja ule mwingine utamwashia moto. Lakini huyu mmoja atakufanya nini? Ukimpa dakika zake zote, hakuna anayekupigia makofi, na wenzako chamani watakununia. Ukimnyima, hakuna atakayeandamana. Hapo ndipo unajua kama ulikuwa mtu wa haki au ulikuwa unaogopa kelele tu. Na hili si la Spika peke yake. Ni la kila aliyewahi kuwa prifekti, meneja wa zamu, au admin wa grupu ya familia.

Mambo yakageuka. Septemba 2016 upinzani ulipata viti 19 kati ya 33, na kiti cha Spika kikaenda upande wao. Mwaka 2020 wakachukua na urais. Herminie akawa kiongozi wa chama kilichoshindwa. Mwaka 2023 akakamatwa na kushtakiwa, ati kwa uchawi. Yeye alisema hiyo ni siasa tupu, na 2024 mashtaka yakaondolewa. Oktoba 2025 akamshinda Rais Wavel Ramkalawan katika duru ya pili, kwa asilimia 52.7.

Watu hupenda kuamini kwamba aliyeonja unyonge atawahurumia wanyonge. Sina uhakika kabisa. Mateso yana masomo mawili. Mmoja hutoka pale akisema, sitamtendea mwingine hivi. Mwingine hutoka akisema, sitarudi upande ule tena, iwe isiwe. Na wote wawili huapa kwa maneno yale yale siku ya kuapishwa.

Chama chake kina wabunge wengi tena. Tofauti na 2011, safari hii upinzani haukususia. Wamo ukumbini, wananyoosha mikono, wanangoja Spika awape nafasi.