Kumbukumbu ya Ubaya

Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka, akiona jani hushtuka. Je, msomaji kijana, mshtuko huo ni hekima? Swali hili ni zito, maana ndani yake limo jingine: tuukumbuke vipi ubaya tuliotendewa? Na tutazame kwanza kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho.

Katika yogati inayouzwa madukani Kaloleni na Jericho wamo bakteria walioyagandisha maziwa. Bakteria hao wana adui, nao ni virusi waitwao bakteriofaji. Kirusi hujibandika juu ya bakteria na kumpenyezea uzi wake wa urithi. Uzi huo humtawala bakteria, humtumikisha kuunda virusi wapya, kisha humpasua akafa.

Lakini yuko anayenusurika. Huyo hutwaa kipande kifupi cha uzi wa adui, akakihifadhi ndani ya uzi wake mwenyewe na kukirithisha kwa wazao wake. Adui yule akirudi, nakala ya kipande hicho huongoza protini iliyo mfano wa mkasi. Palipo na maandishi yanayolingana, mkasi hukata. Wataalamu walithibitisha mwaka 2007 kuwa kuhifadhi kipande hicho humpa bakteria kinga, walipowachunguza bakteria wa namna hiyo.

Tazama basi: kipande hicho hakisemi, "Virusi wote ni wabaya." Husema, "Huyu ndiye." Na kama kwa kosa bakteria amehifadhi kipande cha uzi wake mwenyewe, mkasi humgeukia, naye aweza kufa.

Tarehe 27 Desemba ya mwaka huo huo, Kenya ilipiga kura. Katika majuma yaliyofuata, huko Mathare na katika mitaa mingine ya mashariki ya Nairobi, watu waliwafukuza majirani waliokuwa wakichota nao maji katika bomba moja. Hawakuuliza, "Umetenda nini?" Waliuliza, "Wewe kabila gani?" Nchini kote walikufa watu zaidi ya 1,100. Manung'uniko yaliyorithishwa kwa miaka mingi yaligeuka mkasi, na mwili uliokatwa ulikuwa wetu wenyewe.

Sikuambii usahau, bakteria asiye na kinga hupasuka. Wala sidai kuwa bakteria ana wema. Hana dhamiri, hufanya alivyoumbwa. Wewe unayo dhamiri, na waweza kutenganisha nyoka na jani. Basi ubaya ukumbuke kwa jina la aliyeutenda, wala usimtwike jirani yako kwa kuwa lugha yao ni moja.