Je, Mwalimu Aliye Mbali Aweza Kusahihisha?

Wanafunzi wengi siku hizi hutengeneza programu za intaneti, ili kijana aliye mbali apeleke kazi yake kwa mwalimu na kurudishiwa masahihisho. Wengine husifu. Wengine huguna: «Mwalimu asiyeuona uso wa mtoto, atamsahihishaje?» Neno hilo si dogo. Tulipime vema.

Kwanza tutazame mfano mmoja. Katika Australia ya magharibi kuna mahali paitwapo Warburton, katikati ya nyika kavu, mbali sana na miji. Huko alikulia mtoto mmoja, Martin Dougiamas. Shule yake ilikuwa redio: sauti ya mwalimu ilitoka mbali, na karatasi za masomo zililetwa kwa ndege. Baadaye, alipokuwa mwanafunzi wa Curtin University mjini Perth, alitengeneza programu ya kufundishia kwa intaneti, akaiita Moodle. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002. Hakuifungia kwa bei, bali aliwaachia watu wote waitumie na kuigeuza. Ndani yake mwanafunzi huweka kazi, mwalimu huandika alama na maneno, naye mwanafunzi huyasoma palepale alipo. Basi, aliyefundishwa kwa sauti ya mbali aliwatengenezea wengine njia.

Lakini tusidanganyike. Chombo hupeleka neno, hakitungi neno. Sisi wenyewe, jioni moja, tulikuwa tukisahihisha madaftari, nasi tumechoka. Katika daftari la kijana mmoja tukaandika neno moja tu: «Vibaya». Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Tulipokwenda kwao alituuliza: «Mwalimu, vibaya wapi?» Hatukuwa na jibu, maana hatukuisoma kazi yake hata mwisho. Na kijana yule alikuwa akiketi hatua tano mbele yetu kila siku! Nani basi alikuwa mbali?

Tazameni: umbali ulio mbaya si ule wa njia, bali ule wa moyo. Kusahihisha ni kazi ya haki na ya upendo. Haki yadai mwalimu asome yote kabla ya kuhukumu, aonyeshe kosa lilipo na sababu yake. Upendo wadai aonyeshe pia jinsi ya kulitengeneza, tena angoje jibu. Nao vijana wanaotengeneza programu hizi wasisahau kumwachia mtoto nafasi ya kuuliza: «Vibaya wapi?» Maana sahihisho lisilokubali swali ni hukumu tu.

Kijana yule alirudi shuleni. Tuliketi pamoja, tukasoma kazi yake tangu mwanzo. Fungu la kwanza lilikuwa sahihi kabisa. Sisi tulio walimu na wazazi, kabla ya kuwalaumu walio mbali, tujiulize: je, wale walio karibu nasi tumewasoma hata mwisho?