Mizani Mbovu Haijipimi Yenyewe

Andiko: Mwanzo 1:29, Mithali 11:1, 1 Wakorintho 6:12, Wagalatia 6:1-2



Kwa ibada ya vijana, kijana mmoja aliniuliza swali ambalo wengi wanaliongea stejini lakini hawalileti kanisani. "Pasta, kwani bangi si ni mmea tu? Mungu hakuumba kitu kibaya. Na mwili ni wangu, mimi ndiye naamua." Wengine walitaka anyamazishwe. Mimi naona ni swali la haki, na lina sehemu mbili. Nitajibu zote mbili, halafu tuone kwa nini jibu linatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kuvuta.

Tuanze na mmea. Ni kweli, Mwanzo 1:29 inasema Mungu alitupa mimea yenye mbegu iwe chakula chetu. Lakini sisi watu wa Dundori tunajua viazi. Mungu ndiye aliumba kiazi, na bado hakuna mama hapa anayepika majani yake. Kiazi kikikaa juani kikageuka kijani, tunakitupa, kwa sababu kimejaa sumu inayoitwa solanini. Mmea ni mmoja na Muumba ni mmoja, lakini sehemu moja inakulisha na nyingine inakuumiza. Kwa hivyo kusema "Mungu aliumba" hakujatuambia kitu kitumike vipi. Bangi pia ina upande wa dawa. Mwaka wa 2018 Marekani iliidhinisha dawa iliyotolewa kwa kemikali moja ya bangi, inayoitwa CBD, kwa wagonjwa wa aina fulani kali za kifafa. Kemikali hiyo hailewi mtu, na daktari ndiye anayepima kiasi. Hiyo na msokoto wa kichochoroni ni vitu viwili.

Sasa tuje kwa sehemu ya pili, "mimi ndiye naamua." Hapa inabidi tujue bangi inafanya nini ndani ya mtu.

Kemikali inayolewesha inaitwa THC. Iliyoichambua ni timu ya Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni, kule Israeli, mwaka wa 1964. Baadaye, mwaka wa 1992, maabara ya Mechoulam iligundua jambo ambalo mimi likinijia namsifu Mungu: mwili wenyewe unatengeneza kemikali inayofanana na hiyo kwa kazi. Waliiita anandamaidi, kutoka kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Inasaidia kupanga hamu ya chakula, maumivu, hofu, kumbukumbu. Mwili unaitoa kidogo, mahali inapohitajika, halafu unaivunja haraka. Ni kama kumwagilia kitalu kwa mkebe wenye matundu. THC inapoingia ni kama umefungulia mto kwenye kitalu hicho. Inafika kila mahali, na inakaa. Inajificha kwa mafuta ya mwili, ndiyo maana mtu aliyezoea kuvuta anaweza kupimwa wiki kadhaa baadaye na bado ikaonekana.

Ndipo moyo unakwenda mbio, macho yanakuwa mekundu, njaa inakuja. Kumbukumbu ya jambo la dakika tano zilizopita inapotea. Muda nao unapinda, mtu anaona dakika chache kama nyingi, na mikono inachelewa kutii. Fikiria huyo akiwa na boda boda kwa barabara ya kwenda Lanet, amebeba mama na mtoto. Kwa kijana jambo ni zito zaidi, kwa sababu sehemu ya ubongo inayopima mambo na kusema "ngoja kwanza" huendelea kukomaa hadi miaka kama 25.

Sasa sikieni vizuri. Mkulima yeyote hapa anajua uchungu wa kupimiwa vibaya. Broka anakuja na gunia la lumbesa, au na mizani yake mwenyewe iliyochezewa. Mithali 11:1 inasema mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana. Lakini uliza hivi: mizani ikiharibika, nani atakuambia? Si yenyewe. Ukiweka kilo 50, itasoma 42 bila kuona haya. Ni lazima ulete mizani nyingine.

Bangi inagusa mizani. Haigusi tu mguu au ini. Inagusa kile kitu unachotumia kupima kama bangi inakufaa.

Nitoe mfano. Vijana huniambia, "Pasta, bila hiyo kitu silali, na nakasirikia watu. Ikiingia natulia. Si hiyo ni dawa?" Lakini mwili uliozoea THC ukiikosa, unakosa usingizi, unakuwa na hasira, na chakula hakiendi. Hiyo inaanza siku ya kwanza au ya pili, inapanda wiki ya kwanza, halafu inashuka polepole. Kwa hivyo huyo kijana hadanganyi, anasoma kile mizani yake inaonyesha. Anatibu kwa bangi ugonjwa ulioletwa na bangi, na kila siku anapata ushahidi kwamba inamsaidia. Chuoni nilisoma biashara, na tulifundishwa kwamba anayeshika pesa hawezi kuwa ndiye anayekagua vitabu. Si lazima awe mwizi. Ni kwamba hakuna anayejikagua vizuri.

Ndiyo maana Paulo, kwa 1 Wakorintho 6:12, hakuishia kuuliza kama kitu kinaruhusiwa. Alisema hatakubali kutawaliwa na kitu chochote. Kijana wangu, msokoto wa kwanza uliamua wewe. Wa mia moja, nani aliamua?

Huo upande mmoja. Upande wa pili unatukata sisi washirika.

Tukikubali kwamba bangi inaharibu mizani, hatuwezi tena kusema "amejitakia." Huwezi kumlaumu mtu kana kwamba ana akili timamu, na papo hapo unahubiri kwamba bangi imemwondolea akili timamu. Chagua moja.

Nasema hivi kwa sababu tuliitwa boma moja, sitasema gani. Kijana wa miaka 19 alikuwa akisikia sauti, anasema majirani wanamwekea sumu. Alikuwa amefungiwa kwa stoo ya viazi wiki tatu. Familia ilikuwa inafunga na kuomba, na ilikuwa inaficha, kwa aibu. Mama yake aliniuliza kama kumpeleka hospitali ni kukosa imani. Nilimwambia Luka, aliyetembea na Paulo, alikuwa tabibu, Wakolosai 4:14, na Paulo alimwita mpendwa. Tuliomba pale pale, halafu tukatafuta gari. Leo anameza dawa, anakata nyasi za ng'ombe, siku zingine ni nzuri na zingine si nzuri. Wiki zile tatu hakuna anayeweza kumrudishia.

Si kila anayevuta hupatwa na hayo, wengi hawapatwi, na tusidanganye watoto kwa kuwatisha. Lakini hatari ni ya kweli. Utafiti wa wanajeshi vijana zaidi ya 45,000 wa Uswidi, uliotolewa mwaka wa 1987, ulipata kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia karibu mara sita kuliko wasiovuta. Kama kwenu kuna historia ya ugonjwa wa akili, hatari inapanda. Na tusifikiri ni shida ya watu wa mbali. Utafiti wa NACADA wa mwaka wa 2022 ulihesabu Wakenya 518,807 wa miaka 15 hadi 65 wanaotumia bangi, yaani mtu 1 kati ya 53. Hesabuni viti vya kanisa letu siku ya Jumapili.

Sasa kuna habari njema, na inatoka maabara. Ubongo wa mtu aliyevuta kila siku hupunguza vipokezi vinavyopokea THC. Lakini picha za ubongo zimeonyesha kwamba baada ya kama wiki nne bila kuvuta, vinarudi karibu na kawaida. Mungu ameweka toba hata ndani ya nyama na damu. Wiki nne si mchezo, lakini zina mwisho.

Kwa hivyo, wewe unayevuta, usiulize mizani yako peke yake. Chagua mtu mmoja unayemwamini, mama, mwalimu, daktari, au mimi, umruhusu akuambie anachoona. Halafu jaribu wiki nne, ukijua ya kwanza ndiyo ngumu, na umwambie huyo mtu siku unayoanza. Na wewe mzazi, ukisikia mtoto anaongea na watu wasioonekana, au anaogopa kila mtu, usingoje mfungo uishe. Tupigie, tutaomba tukiwa kwa gari.

Wagalatia 6 inatuambia tumrudishe aliyeanguka kwa upole, na tubebeane mizigo. Mwenye mizani mbovu anahitaji jirani mwenye nzuri. Tukimfukuza, tumemwachia ile mbovu peke yake.

Mungu awabariki. Amina.