Matokeo Yakitoka, Nani Amefaulu?



Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, hapa Morogoro salamu ni moja tu: "Umepata ngapi?" Mwenye divisheni wani anapongezwa mpaka na jirani asiyemsalimiaga. Mwenye ziro anazima simu. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, ila mioyoni bado tunapanga watu kwa madaraja.

Je, mtihani ni adui wa haki? Nasema hapana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akieleza dhambi ya upendeleo, anatumia mfano wa ualimu: kumpa mtu nafasi hiyo kwa sababu ana elimu ni haki, kumpa kwa sababu ni tajiri au ni ndugu yako ni upendeleo. Mtoto wa mkulima kule Matombo, asiyemjua mtu ofisini, analindwa na mtihani. Ukiufuta, chuo kitakuwa cha wenye kujuana.

Lakini mtihani ni mizani tu. Mizani ya Soko Kuu la Chifu Kingalu inakwambia kilo za nyanya. Haikwambii mama kazibeba kichwani umbali gani. Aliyekosa mwalimu wa fizikia miaka miwili na aliyelipiwa tuisheni wanapimwa pamoja. Alama inasema unachojua leo. Haisemi umetoka wapi, wala thamani yako mbele za Mungu.

Tusome tena mfano wa talanta, Mathayo 25. Aliyepewa tano na aliyepewa mbili walisifiwa kwa maneno yale yale! Bwana hakuwalinganisha. Aliyekemewa ni yule aliyeogopa, akafukia.

Basi wewe uliyechaguliwa SUA au Mzumbe, digrii ni deni. Mwalimu Nyerere alionya mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, juu ya shule inayomtenga msomi na wakulima waliomsomesha. Ukiishia kuwadharau, umefukia talanta, hata kama una GPA ya tano. Na wewe uliyekosa, risiti, nenda VETA Kihonda ukajifunze ufundi, au shika shamba kwa akili. Usifukie mbili zako kwa kuzionea aibu.

Swali la kujichunguza usiku wa leo: nilichopewa, kinamsaidia nani?